Muhuri wa Mkalimani

Mashine inakikataa kidole gumba cha Mwanaisha Shekiondo.
Sabuni imekula alama. Jaribu kingine, namwambia,
naye, kwa kusikia Kiswahili hapa Ruwi,
ananidaka mkono: Shikamoo, mama.

Marahaba haina kisanduku kwenye fomu.

Kosa: kumtoroka kafili.
Mshahara wa miezi saba, hilo si dawati letu.
Mimi sikutoroka, anasema, njaa ndiyo iliyonitoa.
Afisa hainui macho: Anasemaje?
Anakubali, nasema.

Mama mzazi naye alipakiwa, mwaka wa sitini na nne,
kutoka Wete, mbuzi ya kukunia nazi kwapani,
utadhani Maskati kuna minazi.
Hakuna aliyeuliza anasemaje.
Ile mbuzi ninayo jikoni. Naikalia nikivaa viatu.

Saa kumi alfajiri, basi la uwanja wa ndege linanguruma nje.
Hana begi. Ana mfuko wa nailoni
na chaja ya simu aliyonyang'anywa.
Na wewe, mama, kwenu hasa wapi?

Muhuri umekauka wino.
Naupumulia, haa, kama tulivyozoea hapa,
unashika.