Daftari la Tatu

Barua ilifika Sikonge na mhuri wa Tume ya Uchunguzi:
"nyaraka zote, vitabu vyote, stakabadhi,
na chochote kilichoandikwa,"
siku saba, au jela.
Niliisomea juu ya mizani ya tumbaku,
maana meza ilijaa risiti za mbolea.

Mimi Nyamizi, karani wa ushirika miaka kumi na tisa.
Madaftari yangu ni matatu.
La kwanza la kilo na madaraja.
La pili mbolea na madeni.
La tatu halina jina, jalada lake la gunia;
humo wamo waliokuja usiku wakinong'ona:
aliyekopa sanda,
aliyekopa nauli ya kufuata dawa Kitete
akaniomba nisitaje dawa gani,
nami nikaitaja, kwa kuwa karani haachi mstari mtupu.

Mficha uchi hazai, walisema.
Hawakusema auvue mbele ya nani.

Basi tukaenda Tabora mjini, mimi na Wakili Chubwa,
tukaiomba Mahakama Kuu iipitie amri ile.
Si kuchunguza tumbaku, wala nani kala;
kuutazama mkono tu: umetumwa kuchukua nini,
na umejinyoosha hadi wapi.

Wakili wa Serikali alisimama,
suti yake imenyooka pasi hadi kivulini.
Akasema fedha za wakulima zimepotea,
na asiye na hatia hafichi kitabu.
Nilitamani kumuuliza
kama choo cha nyumbani kwake hakina mlango.

Jaji aliandika kwa mkono, polepole,
feni ikimpekulia karatasi bila hati ya wito.
Siku ya hukumu akasoma, nami nayabeba nilivyoyasikia:
Tume ina meno, na sheria ndiyo iliyoyaotesha.
Lakini hadidu za rejea zinataja misimu miwili, na mauzo.
Hazitaji sanda.
Aliyepewa ndoana
haruhusiwi kuingia majini na kokoro.
Wito unatenguliwa,
isipokuwa kwa kila ukurasa wa mauzo ya misimu ile,
popote ulipo.
Huo uletwe.

Vigelegele vikajaa koridoni.
Mwenyekiti Kalugula akanikumbatia. "Tumepona," akasema.

Daftari la tatu, ukurasa wa arobaini na moja,
kati ya jeneza la mtoto wa Mbula na deni la chumvi,
pana marobota ishirini na sita
yaliyopimwa mara moja, yakauzwa mara mbili,
kwa mwandiko wangu, kwa sauti yake.
Niliyaweka pale
kwa kuwa hakuna mtu mwenye haya anayepekua sanda.

Jaji angesema "vyote," ningegoma, niitwe shujaa.
Angesema "hakuna," ningelala.
Amesema "huo."

Usiku huu nimechukua wembe wa kukatia uzi wa marobota,
nikautoa ukurasa taratibu, mshono usifumuke.
Jeneza nimelibandikia karatasi nyeupe.
Chumvi pia, ingawa ni chumvi tu;
mwenyewe alinikopa kwa aibu.

Basi linaondoka saa kumi na mbili.
Bahasha ni nyepesi, nimeipima:
mizani ya tumbaku haikutikisika.
Ndani kuna mistari minne
na jina langu chini yake,
linasomeka.