Aya ya Thelathini na Moja

Tulivuka kwa feri, kamati ya mazingira na mimi karani wake,
wabunge watano, mmoja akitapikia mfuko wa karatasi
kwa heshima zote, akiwa ameupa upepo kisogo.
Shule ilitupokea maktabani. Viti vilikuwa vya watoto;
magoti ya mwenyekiti yalikaribia kidevu.
Chai, biskuti za shayiri, na bango la rangi isiyokauka:
KARIBUNI MTUSIKILIZE.
Herufi ya mwisho ilikosa nafasi, ikapanda ukutani.

Kazi yangu ni kuandika. Mwaka wa kumi na tisa sasa
nakamua maneno ya watu hadi yabaki makavu,
yakae kabatini bila kuoza.

Ruaraidh alisimulia mitambo ya upepo:
umeme wapita juu ya paa la bibi yake ukienda bara,
bibi mwenyewe analala na koti.
Niliandika: "Suala la bei ya nishati."

Oighrig, miaka kumi na mitatu, alifungua daftari la hesabu.
Hakutusalimu. Akasoma:

Tarehe nne Novemba, barabara ya tuta imefungwa.
Tarehe tano, imefungwa.
Tarehe kumi na tisa, imefunguliwa saa tatu, imefungwa saa sita.
Tumelala shuleni, kwenye mikeka ya mazoezi.
Tarehe mbili Desemba, mawimbi yameingia makaburini
upande wa magharibi. Baba ameenda na wenzake kuokota mawe.
La babu limepatikana.
La bibi bado.

Akaendelea hivyo, siku kumi na saba,
sauti ile ile, kama anayesoma orodha ya duka.
Mbunge mmoja alitazama saa,
kisha akaona aibu, akaitazama biskuti.

Niliandika: "Mshiriki alieleza wasiwasi wake."

Alipomaliza alikuja nyuma ya kiti changu.
"Umeandika nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Mawaziri hawajawahi.
Nikamgeuzia ukurasa. Akaufuata kwa kidole,
kidole chenye wino, kucha imetafunwa,
kikasimama.
"Mimi sikueleza wasiwasi," akasema.
"Nimeeleza tarehe."

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Na kisiwa je?
Usiku ule, ferini, niliyafuta maneno yangu manne
nikazipanga siku zake zote, kumi na saba, mstari kwa mstari,
meli ikiyumba, mwandiko wangu ukiyumba nayo.

Edinburgh, mwenyekiti aliipiga mkasi: "Ndefu. Fupisha."
Nikairudisha.
Akaandika pembeni: "Hii ni ripoti, si shajara."
Nikairudisha, na chini yake nikaambatisha
kumbukumbu za idara ya barabara, tarehe zile zile,
zilizoandikwa na mtu mzima, kwa mashine.
Karani hana kura. Ana stepla.
Mara ya tatu hakuandika kitu, na ukimya wa mwenyekiti,
kwa kanuni zetu, ni idhini.

Basi imechapwa. Aya ya thelathini na moja,
kati ya ruzuku za pampu za joto
na jedwali ambalo hakuna atakayelisoma.
Muswada wenyewe bado uko foleni, wa sita,
nyuma ya muswada wa mbwa wanaobweka.
Sitaki kumdanganya mtu: tuta halijainuliwa hata shubiri moja.

Tulituma nakala arobaini shuleni, katika sanduku.
Baada ya wiki mbili ikaja kadi, picha ya kondoo mbele,
nyuma mwandiko wa kubana:

"Tarehe ishirini na sita Februari mmeandika nusu siku.
Ilikuwa siku nzima. Tafadhali rekebisheni.
Pia jiwe la bibi limeonekana, limevunjika mara mbili,
ila hilo si la ripoti, ni la kwako."

Ipo fomu ya masahihisho. Rangi ya waridi, nakala tatu.
Nimejaza ukurasa, aya, mstari, kosa, sahihisho.
Palipoandikwa "Jina la mbunge anayeomba"
nilikaa muda na kalamu hewani.

Kisha nikaandika jina lake.