Kadi Kuu

Mwisho wa mwezi, Esbjerg, mvua inapiga kiubavu.
Kwenye kompyuta ya karakana nazivuta kadi za kodi:
Torben, kadi kuu. Mimi, kadi kuu.
Villads, kitinda mimba wetu,
kadi ndogo.

Nikadhani mtambo umekosea.
Haukukosea. Nafuu ya kodi hailali nyumba mbili;
mwenyewe kaihamishia bandarini,
kwenye mapanga ya mitambo ya upepo,
zamu tatu za usiku kila juma.
Kwetu sasa atakatwa tangu krona ya kwanza,
kama kibarua wa kupita.

Hakutwambia. Serikali ndiyo iliyoninong'oneza.

Nikachapa hati ya mshahara, nikaikunja mara mbili.
Torben, bila kuinua randa:
"Hesabu zimekaa sawa?"

"Zimekaa."
Na kweli, zimekaa.