Nne Katika Saba

Jumanne, saa moja jioni, chumba cha mia mbili na sita,
chuo kidogo cha Duluth, juu ya ziwa lililoganda.
Profesa Maarit Kangas anagawa karatasi:
*Kwa jumla, nimeridhika na maisha yangu.*
Zungushia duara, moja hadi saba.

Nikazungushia nne.
Nne ni namba ya mtu asiyetaka kuulizwa.

Mimi nilifuata alama za kukamilisha cheti cha uuguzi;
mchana nabadilisha mashuka ya wazee.
Tou Xiong alikuja kwa kuwa darasa la hesabu lilijaa.
Mzee Wendell Oberg, miaka thelathini na mmoja
akipakia mawe ya chuma melini,
alikuja, asema, kuona kama kuna kitu kilimpita.
Aliandika mbili, kwa wino,
akaikunja karatasi kama bili ya umeme.

Tukafundishwa:
raha imo ndani ya furaha, lakini haiijazi,
na furaha nayo si heri.
Moyo huzoea. Upe godoro jipya mwezi wa kumi,
kufika Machi ni godoro.
Pesa husaidia (hapo Wendell alicheka peke yake),
husaidia mpaka pale inapoacha kusaidia,
na pale penyewe hatukuonyeshwa ni wapi.

Kazi ya nyumbani: kila usiku mambo matatu mema,
na sababu ya kila moja.
Nikaandika: Supu. Betri ya gari imekubali baridi.
Bi Hedvig leo amenikumbuka jina.
Sababu: sijui, sijui, bahati.
Profesa akapigia mstari ile sijui ya kwanza.
*Supu aliipika nani?*

Niliipika mimi.

Kisha ikaja barua.
Mtafute mtu uliyekula fadhila zake usimrudishie neno,
umsomee uso kwa uso.
Wenzangu walitaja mama zao, makocha wao.
Mimi nilimwandikia dereva wa greda la theluji.

Februari ile, theluji kiunoni,
ambulensi imekwama chini ya kilima,
taa zake zinazunguka bure juu ya weupe,
na greda likakata kona, likapanda kwetu,
likaifungua barabara kama zipu ya koti.
Mama alifia hospitali saa nne baadaye,
mkono wake ndani ya wangu, chumba kina joto.
Zile saa nne ni deni.

Idara ya barabara ilinipa jina: Duane Stanisich.
Nilimkuta karakana, anakula mkate wa mayai.
Nikasoma kurasa mbili; sauti ilinitoroka mara tatu.
Alinisikiliza amevua kofia,
nywele zimelala upande mmoja.
Halafu akasema: "Sitaki kukudanganya.
Nilikosea njia usiku ule.
Nilipanda kwenu kutafuta pa kugeuzia."

Pampu ya upepo ikanguruma pembeni, ikanyamaza.
Sikujua niikunje barua au nimwachie.
Akakata mkate wake, akanipa nusu yenye mayai mengi.
Tukala tumesimama.

Yote hayo niliyatia kwenye ripoti.
Profesa aliandika pembeni, kwa penseli:
*Je, shukrani ni ya nia, au ni ya njia?*
Chini yake, B na kijumlisha.
Nimeshalijibu swali lile mara nyingi,
nikiosha vyombo, nikimgeuza mzee kitandani,
na kila jibu hufaa mpaka asubuhi.

Mwisho wa Aprili, barafu inapasuka ziwani
kwa mlio wa sahani kabatini.
Karatasi ileile, sentensi ileile.
Kiti cha Wendell ni kitupu, wiki ya tatu sasa.
Tou asema amemwona gatini,
anawatajia watoto wa watalii majina ya meli,
tani kwa tani, hakuna anayemlipa.

*Kwa jumla, nimeridhika na maisha yangu.*
Kalamu ilikaa juu ya tano muda mrefu.
Nikazungushia nne,
safari hii polepole,
mpaka duara likakutana.