Mgeni wa Mbambu

Nilipoondoka Kasese kwenda Maskati
Mbambu alikuwa na meno mawili
na kitambaa changu cha kichwa mkononi.

Mama anasema alilia siku tisa.
Ya kumi akanyamaza,
nao wakashukuru: amezoea.

Sasa ana miaka minne.
Akianguka hageuki kutazama nani yupo;
hujifuta goti, huenda zake.
Chini ya godoro ameficha vipande vya muhogo
vilivyokauka. Anajua idadi yake.

Jana nilimletea viatu vyenye taa.
Akapiga magoti, akanisalimu vizuri mno,
kama asalimiwavyo mgeni.

Usiku nikadhani amelala, nikainuka kwenda chooni.
Mkono mdogo ukashika gauni langu
gizani,
bila neno.

Nimekaa. Kibofu kinauma. Alfajiri bado.