Mablanketi Yangoje Maji Mafu

Mashine ilianza kutapika Jumanne,
wakati wa kukamua.
Inazunguka, inaguna, inapiga ukuta teke,
kisha maji ya sabuni yanarudi kwa njia yaliyopitia
na kunisalimu vidole vya miguu.

Duka langu la dobi liko chini ya jengo,
vidato kumi na kimoja kutoka barabara ya Tudor.
Walioko juu huniita Mwanahalima wa Shimoni. Huitika.
Kodi ya huku ni nusu ya kodi ya juu,
nusu ya pili nailipa kwa mgongo.

Nikamwita Tsuma.
Alikuja na waya wa kuzibulia begani, umejiviringa
kama nyoka aliyeshiba.
Akalala chali, akagonga bomba, akasikiliza.
"Nani alokutilia bomba la inchi na robo?"
Nikamtaja. Akacheka kwa pua.
"Mashine yatema ndoo nzima kwa mara moja,
nawe umeipa koo la kuku."

Alichokitoa kwenye kiwiko cha bomba
alikiweka juu ya gazeti:
kitu cha ukubwa wa panya, kijivu, kinanuka yai viza.
Nikakifumua kwa kijiti cha mshikaki.
Nyuzi.
Nyuzi za miaka sita, zimegandishwa na sabuni
na chumvi ya kisima:
buluu ya sare za shule,
wekundu wa leso za Mama Swabra,
weupe wa kanzu za Bwana Bajaber mwenye jengo,
na manjano yale, manjano ya shuka za Mwadzombo
wa ghorofa ya tatu,
aliyetolewa vyombo nje mwezi wa Machi
na Bajaber huyohuyo.
Hawajasemezana tena.
Humu, hata kwa ukucha, siwezi kuwatenganisha.

Tsuma akatia bomba la inchi mbili,
akalisimamisha hadi usawa wa kifua,
akalitoboa pua huko juu.
"Maji hayashuki mpaka hewa ipate pa kupita."
La chini akalilaza kwa pimamaji, kwa jicho, kwa matusi.
Tukajaza. Tukakamua. Shwaaa!
Nikamlipa, nikamwongeza ya chai.

Siku ya tisa, yakarudi.
Si mengi, ya kulowesha ndara.
Yalipanda polepole, bila hasira,
kama mtu mwenye ufunguo wake.

Tsuma hakufungua mkoba.
Aliitazama kalenda ya msikiti ukutani.
"Leo mwezi ngapi?"
"Kumi na tano."
Akanipeleka uani, akainua kifuniko cha shimo la maji machafu.
Limejaa mpaka shingoni, na maji yanapumua:
juu kidogo, chini kidogo.
"Bamvua," akasema. "Jiwe la mji huu lote ni matundu.
Bahari yapita chini kwa chini, yaja kulala kwako.
Bomba halina kosa."
"Na dawa?"
"Pampu, elfu arubaini. Ama kalenda."

Nimebandika karatasi mlangoni:
MABLANKETI NA MAPAZIA
MWEZI NANE HADI KUMI,
ISHIRINI NA TATU HADI ISHIRINI NA TANO.
SIKU NYINGINE NGUO NYEPESI TU.
Wateja wanadhani nimeanza kupiga falaki.
Bajaber aliniuliza kwa sauti ya chini
kama siku hizo zafaa pia kwa safari.
Nilimwambia alete kanzu.

Lile donge sijalitupa.
Limekauka juu ya mita ya stima.
Tsuma anasema lingewasha jiko vizuri.
Labda.
Mkaa bado ninao.