Hesabu ya Vipande

Saa kumi alfajiri, Kuopio, ziwa limefungwa na barafu,
Bi Aune Hyvärinen, miaka sabini na minane,
ameletwa na theluji ingali kwenye kola ya koti.
Alikuwa akimfuata paka, akateleza kipandio cha tatu.
"Cha tatu," anasisitiza,
kana kwamba vipandio navyo hutibiwa.

Picha yawaka kwenye skrini. Nahesabu:
kichwa cha mfupa, laini kama yai lililomenywa;
kinundu kikubwa; kinundu kidogo; shina.
Vinne, nasema.
Daktari Kokkonen haondoi macho kwenye kahawa yake.
"Umehesabu nyufa. Hesabu vilivyohama."

Maana ufa peke yake haufanyi kipande.
Mpaka mfupa usogee sentimita nzima
au upinde nyuzi arobaini na tano,
ungali wa nyumbani, hata ukivuja damu.
Nashika rula.
Kinundu kidogo: milimita tatu. Hakijaenda popote.
Kikubwa: kumi na mbili, msuli umekivuta juu na nyuma.
Shina limeelemea kifuani.
Vitatu, basi.
Salmela anafuta miwani, anasema viwili na kitu;
juzi, picha kama hii, alisema vinne.
Rula ni moja, macho ni sita.

Na si ubishi wa bure.
Vitatu, huenda bamba na skrubu.
Vinne, damu ikakatika, kichwa hufa polepole,
tukazungumza habari za bega la chuma.
Visipohama: kitambaa shingoni, na subira.

Namweleza Bi Aune kwa vidole vyangu.
"Nina wanne," anasema.
"Wawili wako Uswidi, mmoja Oulu.
Martti anakaa ghorofa ya juu yangu,
hatujasemezana tangu Krismasi.
Kwa rula yako, huyo amehama?"

Namuuliza mkono anautakia nini.
Kuchana nywele. Kopo la kahawa, rafu ya juu.
Kumbeba paka, kilo sita.

Kwenye fomu naandika: vipande vitatu.
Pembeni, pasipo na mstari: rafu ya juu.
Kokkonen anasoma mara mbili,
anapiga simu kuomba chumba cha upasuaji, saa nne.

Saa moja anaingia mwanamume,
kamba za viatu hazijafungwa,
manyoya ya paka yamejaa kifuani pa sweta,
anauliza kwa sauti ya chini
ni kitanda kipi.